Joto ya mwezi wa kumi na wazee wanaobaki peke yao: kabla ya kununua vantilateri (feni) soma hapa

Ndugu uliyeuliza juu ya mama mkubwa wako anayebaki peke yake Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, kwamba nyumba inawaka mwezi huu wa kumi, wewe uko Kolwezi kwa kazi na unataka kutuma pesa wamnunulie vantilateri, ukauliza kama itatosha. Mi najibu kwa yale tuliyoona kwetu Katuba, mtaa mwingine wa Lubumbashi, itakuwa ndefu, nivumilie.

Haitatosha. Vantilateri si mbaya, ila umeme unajua mwenyewe unavyokuja, saa ile malata (mabati ya paa) yanalia njo haupo. Afu chumba cha malata bila plafo (dari), madirisha yamefungwa, hewa ikishakaribia digrii 40 vantilateri inamsukumia mzee moto tu, sawa na mtu anayepepea mbabula (jiko la makaa). Inasaidia ngozi ikiwa na maji, yani umpanguse na kitambaa kibichi mikono, shingo, miguu, ndipo upepo ufanye kazi. Sasa nani atamlowesha kama yuko peke yake?

Kwetu kuna Kambo mmoja, yani babu, lupango (kiwanja) la tatu kutoka kwangu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye tanuru la shaba, bibi yake alikufa, watoto wametawanyika. Mwaka mmoja, jumamosi moja mwezi wa kumi, kama saa tisa ya mchana, nilienda kumuomba brueti (toroli) yake nibebe mchanga. Nikabisha, kimya. Nikasukuma mlango. Ndani joto ilinipiga usoni kama unafungua tanuri la mkate. Dirisha lilizibwa na gunia kwa kuogopa wezi, mbabula iko pale pembeni bado na makala mekundu maana alipikia bukari (ugali) ndani, na yeye amekaa kwenye kiti amevaa triko (sweta). Triko ya sufu! Aliniangalia akaniita jina la mdogo wake aliyekufa zamani. Nikamshika mkono, ngozi inaunguza lakini haina hata tone la jasho.

Majirani walikuja, mmoja akasema ni malaria hiyo, mpeni paracetamol alale. Namshukuru Mungu kulikuwa mama mmoja aliyefanyaga kazi ya unesi, alipiga kelele, dawa baadaye, mtoeni nje kwanza. Tukambeba na kiti chake mpaka chini ya mwembe, tukamvua triko, shuka tukaitumbukiza kwenye bidoni la maji tukamfunika nayo, vitambaa vibichi shingoni, kwapani na kwenye mapaja pale juu, watoto wawili wanampepea na makartoni. Mtu alitaka kumnywesha, yule mama akakataza, mtu ambaye akili yake imepotea ukimpa maji yanaweza kuingia kwenye mapafu. Tukatafuta taksi, njiani tunaendelea kumlowesha, dereva ananuna kwa kiti chake kuloa. Kule kituo cha afya kipimajoto kilionyesha 40 na kidogo, na hiyo ni baada ya maji yote yale. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nesi alitueleza kwamba paracetamol inashusha homa ya ugonjwa, hii ni joto ya nje imeingia mwilini na mwili umeshindwa kuitoa, dawa yake ni kumpoza haraka sana.

Kwa hiyo ukipigiwa simu kwamba mama mkubwa anaongea vitu havieleweki, anayumba, ngozi ni moto, msianze kubishana kama ni malaria au si malaria. Maji, kivuli, upepo, afu hospitali, vyote pamoja. Malaria watapima wakishafika.

Kilichonisumbua sana ni kwamba usiku wa jana yake kulikuwa baridi nzuri nje. Sisi Lubumbashi tuko juu, kama mita 1,200, hata mwezi wa kumi mchana ikipita 32, alfajiri unatafuta kitenge cha kujifunika. Si kama ile Agosti ya 2003 kule Ufaransa, kule hata usiku joto haikushuka, walikufa karibu watu 15,000, wengi ni wazee wa miaka 75 kupanda, nchi yenye hospitali zote zile. Binamu yangu anaishi kule anasema baada ya pale kila meri (ofisi ya mji) inashika orodha ya wazee na walemavu wanaojiandikisha, joto ikitangazwa wanapigiwa simu mmoja mmoja. Sisi dawa ya bure tunayo, baridi ya usiku, lakini Kambo alikuwa anafunga mlango saa moja jioni kwa kuogopa majambazi, tofali limekunywa jua siku nzima linamtemea joto mpaka usiku wa manane, asubuhi hajapumzika, jua limerudi. Siku tatu nne hivyo, mzee anaisha.

Ndiyo maana pesa ya kwanza tuliyochanga kwenye avenyu haikuwa ya vantilateri. Tulimwendea sudere (fundi wa kuchomelea vyuma) atutengenezee mlango wa vyuma vya kuokoteza, kama antivoli (nondo za kuzuia wezi) ya dirisha lakini mlango mzima, na kufuli kwa ndani. Mlango wa mbao unabaki wazi usiku, wa chuma umefungwa, tukashona neti ya mbu pale. Gunia la dirishani tukatoa tukaweka waya. Mchana ni kinyume, asubuhi jua likipanda unafunga na kutandika kitenge kizito upande wa jua, jioni unafungua vyote. Juu ya malata tulipaka chokaa nyeupe, kazi ya vijana wawili asubuhi moja, mvua ya mwezi wa kumi na moja inaiosha lakini hapo haina kazi tena. Mbabula ikahamia nje chini ya kibanda, hiyo nayo ilikuwa vita, anasema watamuibia sufuria.

Na vita kubwa ilikuwa yeye mwenyewe. Ukisema Kambo kunywa maji, anasema sina kiu. Na si uongo, mtu akizeeka kiu inachelewa kuja, jasho nalo linapungua, ndiyo maana anavaa triko na wewe unaloa shati. Ukisema tutakuwa tunapita kukuangalia, anakasirika, anasema mi nilisimama mbele ya tanuru, shaba inayeyuka kwa digrii 1,085, joto yenu hii itanifanya nini. Nilijaribu kumueleza mambo ya umri nikaona napoteza muda. Siku moja nikamuuliza tu, pale kwenye tanuru ulikuwa unasimama peke yako? Akasema hapana, wawili wawili, mmoja akianza kuyumba mwenzake anamtoa. Nikanyamaza. Akacheka, akasema wewe mtoto una akili mbaya. Toka siku ile alikubali ufunguo wa pili ukae kwangu.

Tulivyopanga si kitu cha ajabu, na hatukuandika popote. Asubuhi mama wa mkate anamsalimia, akijibu vizuri inatosha. Saa nane mpaka saa kumi njo saa mbaya, hapo anakuja kukaa chini ya mwembe wetu, na hatumwambii "kuja upumzike", tunamwambia kuja utuchungie makala yasiibiwe. Anachunga kweli, mpaka anafukuza kuku. Mtoto wangu anamletea kikombe, na hasemi "Kambo unywe", anamuuliza "unataka maji ao munkoyo" (kinywaji cha unga wa mahindi), lazima achague kimoja. Munkoyo iwe ya leo, ikilala siku mbili tatu inageuka pombe. Na lutuku (pombe kali ya kienyeji) ya mchana tulimwomba asogeze, aliisogeza mpaka jioni, kuacha hakuacha. Kama ametapika ao ameharisha, tunachanganya maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo ya chumvi, kijiko kisiwe na mlima. Kabla ya kulala mi napita, siulizi habari kutoka barabarani, naingia. Simu usiitegemee, mzee mwenye simu imezima atasemekana hapatikani siku mbili na wote mnadhani ni chaji.

Kitu kimoja nilisahau, dawa. Kambo alikuwa anameza ya presha pamoja na ile ya kukojoza. Hiyo inatoa maji mwilini, na joto nayo inatoa. Msimwachishe mama mkubwa dawa kwa akili zenu, nendeni na pakiti zake kwa daktari sasa hivi, mwaka kesho iwe mwezi wa tisa kabla hali haijakaza, aseme kama anabadilisha kitu. Na mtu wa kumtembelea aangalie mkojo kwenye ndoo asubuhi, ukiwa wa kahawia kama chai maji hayatoshi, haijalishi anasema alikunywa kiasi gani.

Sasa pesa yako. Tafuta kwanza mtu mmoja Ruashi anayekaa karibu kabisa, si ndugu aliye Kampemba mwenye kuja jumapili. Mara nyingi ni mama wa lupango la jirani, na usimtumie maneno tu, tuma unite (salio la simu) na kitu kidogo kila wiki mpaka mvua zianze, maana yeye pia ana watoto na joto inampiga. Kinachobaki fanya mlango wa chuma na neti. Bidoni mbili zenye kifuniko, moja ya kunywa, moja ya kulowesha shuka. Vantilateri ya sola ikipatikana baada ya hayo yote, nunua.

Kambo bado yupo. Juzi imenyesha mvua kidogo ya kwanza, nikapita usiku nikakuta mlango wa mbao umefungwa, roho ikaruka, nikabisha kwa nguvu. Akajibu kutoka ndani, "Nenda kalale, leo niko na baridi."