Wanafunzi 36, mchoro mmoja

Swali: Nafundisha usanifu wa mashine katika chuo cha ufundi, Mbeya. Niliwapa wanafunzi 36 kazi ya kubuni mashine ya kupukuchua mahindi, nikawaonyesha mfano ili wasipotee. Wamerudi na mfano uleule, wengine wamebadili ukubwa wa puli tu. Nifanyeje wawe wabunifu?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, kilichowafunga ni huo mfano. Mwaka 1991 watafiti Jansson na Smith walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili hili: waliooneshwa mfano kabla ya kusanifu waliuiga, hata kasoro zake. Na walioiga hawakuwa wanafunzi peke yao. Wahandisi wa kazini nao walinasa.

Neno "mashine" nalo limewaponza. Ukishalitamka, kichwani tayari kuna ngoma ya kupukuchulia, mota na mkanda. Wape shida yenyewe: mkulima wa Mbozi ana magunia kumi, hana umeme, na punje zisivunjike, maana iliyopasuka ndiyo wadudu na ukungu huianza. Hapo atatokea wa kuwaza pedali, na mwingine wa kuwaza kifaa cha kushika mkononi.

Usianze kwa kuwaambia "jadilianeni". Mwenye sauti akisema "injini", meza nzima inafuata. Jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lililochapishwa 1958 lilikuta kwamba watu wanne wanaofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, huwashinda wanne waliokaa kundi moja. Mimi hutumia njia ya Mjerumani Bernd Rohrbach: watu sita mezani, kila mmoja achore mawazo matatu kwa dakika tano, kimya, kisha ampe karatasi jirani ayaendeleze. Raundi sita ni nusu saa, na meza moja ina michoro hadi 108. Mingi itakuwa takataka. Iache.

Wewe una meza sita kamili, bahati yako. Mimi darasa langu halijawahi kugawanyika vizuri hivyo.

Jambo ambalo walimu wengi hatuligusi ni alama. Zikiwa zote kwenye mchoro wa mwisho, mwanafunzi mwenye akili atanakili, na sitamlaumu. Katika alama 20, tenga angalau sita kwa michoro aliyoiacha na sababu za kuiacha. Mbao chakavu na mabati ya gereji yanatosha kwa modeli ya kwanza.

Mfano wako usiutupe. Uonyeshe wiki ya tatu, waukosoe.