Bi Fundi, mwenye ufunguo kaenda Maskati

Barua za mara hii nyingi zimetoka Pemba na karibu zote zinaimba wimbo mmoja, vijana wanajenga baraza lao la mtandaoni kwa kujitolea, linachangamka, halafu linawazidi. Nimezifupisha kidogo. Salamu zenu zote zimefika.

SWALI: Asalaam aleykum Bi Fundi. Sie vijana wa Wete tulijenga baraza letu mtandaoni kwa phpBB, ile programu ya bure ya kujengea mabaraza, mada za karafuu, skuli, khabari za mitaani, mpaka wazee walioko Oman wanaingia kusimulia mambo ya zamani na kuweka picha zao na hapo ndo pamenoga khasa. Sasa mwenzetu aliyenunua domeini (jina la kuingilia barazani) na hostingi (pale baraza linapohifadhiwa) kwa imeli yake na kadi yake kapata kazi Maskati, simu hapokei, meseji anaona hajibu. Domeini yetu ya dot com inaisha karibuni. Wengine wanasema tumshitaki, wengine turudi tu kwenye grupu la WhatsApp. Tufanyeje? *Msimamizi, Wete*

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Hilo la kushitaki liwekeni pembeni kwanza. Huyo kijana hajaiba kitu, alitoa pesa yake mfukoni nyie mkipiga makofi, na miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza bili inalipwaje. Na mwenye domeini ni yule aliyeandikwa kwa msajili, ile kampuni inayouza majina hayo, sio aliyechora logo wala anayekesha kufuta matusi. Kwa hivo mnamhitaji, tena kwa wema. Mtafuteni kupitia mama yake, kwa Pemba sijui njia fupi kuliko hiyo, na msiende na lawama, mwambieni tunataka tukutue mzigo, ulichotoa tutakurudishia, tupe tu ile namba ya siri ya kuhamishia domeini au uibadilishe imeli iwe ya baraza. Mtu akiona hadaiwi anajibu.

Wakati mnamtafuta, angalieni tarehe kamili ya kuisha. ICANN, wale wanaosimamia majina ya mtandao duniani, wana ukurasa wa kutafutia domeini, jina lake laweza likafichwa lakini tarehe inaonekana. Wasajili wa dot com wanalazimika kutuma ukumbusho kama mwezi mmoja kabla na tena kama wiki moja kabla, ila unakwenda kwenye imeli yake yeye, nyie hamtauona abadan. Ikishaisha haipotei siku ile ile, msajili anaweza kuwapa muda wa kulipia mkiwa mmechelewa, unaweza kufika siku 45 lakini kila msajili ana wake, na hata akiifuta kuna siku 30 za kuikomboa ila hapo bei inapaa. Baada ya hapo siku 5 ambazo hakuna wa kuiokoa, kisha inarudi sokoni na wapo watu kazi yao kuzivizia domeini kama hizo.

Sasa tuseme kagoma moja kwa moja. Jina linauma lakini jina si baraza, baraza ni yale maneno ya wazee. Wewe kama una uadmini kamili ndani ya phpBB basi ingia paneli ya admini, sehemu ya matengenezo, kuna bakapu (nakala ya akiba) ya databesi pale, ishushe leo kabla hujalala. Ina posti zote na wanachama wote. Picha hazimo! Watu wengi hapa ndo wanapoumia, picha zilizopakiwa zinakaa kwenye folda ya files huko kwenye hostingi na bila ya paswadi ya hostingi huzifikii kwa mkupuo, kwa hivo gawaneni nyuzi, yaani mada na majibu yake, kila mmoja afungue zake ashushe picha moja moja na aandike imetoka kwenye uzi gani. Kazi ya kuchosha, nakubali, lakini picha ya mzee wa watu ikipotea mtamuomba tena? Na hostingi nayo ikikosa kulipiwa wanafuta kila kitu, hawa hawana subira kama wasajili.

Mkianza upya, domeini ya .or.tz au .tz tupu mnanunua kwa wasajili wanaotambuliwa rasmi na mnaweza kulipa kwa simu, hakuna haja ya kadi ya mtu. Imeli iwe ya baraza, watu wawili wawe na paswadi, wa tatu aiweke kwenye karatasi nyumbani kwake. Na pesa zilizoingia na zilizotoka ziandikwe kwenye uzi mmoja ambao kila mwanachama anauona.

Ama kurudi WhatsApp, mie sipendi. Grupu mwisho wake watu 1024, aliyeingia leo haoni ya mwaka jana, na kisa cha mzee wa Mtambwe kinazama chini ya salamu za Ijumaa, hata magharibi haijafika hakuna anayeweza kukitafuta. Grupu liwe la kuitana tu, kwamba njooni kuna uzi mpya.

SWALI: Bi Fundi, kwetu wanaotaka kujisajili imeli ya kuthibitisha haiwafikii, lakini maboti ya kamari (programu zinazojisajili zenyewe) yanaingia kila siku kama yana tiketi. Imekuaje? *Fundi mdogo, Chake Chake*

JIBU: Ni mambo mawili tofauti ingawa yanakera pamoja. La imeli, tangu Februari 2024 Gmail wamekaza, anayetuma lazima awe na uthibitisho wa SPF au DKIM kwenye domeini yake, yaani alama za kuonesha kwamba imeli kweli imetoka kwake, na hostingi za bei rahisi mara nyingi hamjawekewa au mmewekewa nusu. Waandikie watu wa hostingi uwaulize kwa majina hayo hayo, wataelewa. Huku nyuma waambie watu waangalie kwenye folda ya spamu, nusu yao watazikuta huko.

Maboti nayo, phpBB inakuruhusu uweke swali lako mwenyewe pale pa kujisajili. Wengi wanaweka hesabu, mbili ongeza tatu, boti gani la leo halijui hiyo. Weka la kwetu kwa Kiswahili, Konde ipo wilaya gani, mji wa bandari wa kusini mwa Pemba unaitwaje. Halizuii yote, haya ya siku hizi mengine yana akili, basi washa na lile kundi la wanachama wapya ili posti zao za mwanzo zisitokee mpaka modi, yaani msimamizi wa posti, azipitishe. Modi mwenyewe awe mtu anayeamka alfajiri, usimpe kazi hiyo kijana wa kulala mpaka saa nne.

SWALI: Dada, siasa zikipamba moto watu wanatukanana kwenye baraza letu hatari. Mie admini naweza kufungwa kwa maneno ya mtu mwengine? *Mwenye wasiwasi, Mkoani*

JIBU: Mie si wakili, nakueleza ninachokijua. Mawasiliano ni jambo la Muungano kwa hivo usijidanganye kwamba sheria za mtandao zinaishia Dar. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakugusa na wewe wa Mkoani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuja 2018 na ada za leseni zilizowashinda wengi, Juni mwaka ule JamiiForums wenyewe, lile baraza kubwa la Tanzania, walijifunga kwa muda, zikaandikwa upya 2020 na zikarekebishwa tena 2022. Kwa vile zinabadilika, nenda ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapa Zanzibar ukaulize baraza lenu linaangukia kundi gani, na majibu uyapate kwa maandishi.

Linalokuhusu kila siku ni hili, ukishaarifiwa kuna kitu kibaya kiondoe haraka, hayo ni mambo ya masaa sio ya kusubiri kikao cha kamati. Halafu usikusanye usivyovihitaji. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya polisi kutaka taarifa za watumiaji wake naye akakataa, kwa hivo jiulize mapema, namba za simu na tarehe za kuzaliwa za watu mnazitakia nini? Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo, imeanza kazi Mei 2023.

Na mamodi msiwatoe wote chama kimoja jamani. Nyie wenyewe mnajua Pemba ilivo, hata modi akifuta kwa haki ataambiwa katumwa.

SWALI: Nina kompyuta ya zamani nyumbani, kwa nini tulipie hostingi wakati seva naweza kuiweka hapa? *Mbahili, Micheweni*

JIBU: Kwa sababu ya umeme na kwa sababu ya bando. Wenzenu Unguja walikaa kiza kama mwezi mzima 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya mmoja wa baharini tu ulikorofisha. Nyie Pemba umeme wenu unatoka Tanga kwa waya wa baharini pia, tangu 2010. Tena Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikajikokota, ila aliyeko London au Maskati hakuathirika kufungua tovuti iliyohostiwa Ulaya, wakati ya kwako ya Micheweni asingeiona.

Lakini kompyuta usiitupe. Iwe ya bakapu, mara moja kwa wiki ishushe databesi na folda ya files, na baada ya miezi kadhaa ujaribu kulisimamisha baraza zima humo humo uone linafunguka. Feni yake isafishe kwanza, na masika yakianza na radi zake ichomoe ukutani.