Je, Kutaka Mazungumzo ni Kuwasaliti Waliouawa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Newala, karibu na Shimo la Mungu, mahali ambapo ukungu ukiondoka asubuhi bonde la Ruvuma huonekana hadi ng'ambo. Nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Baba mdogo, ambaye hajawahi kuvuka mto huo, husema kwamba waasi waliochoma vijiji vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wapigwe hadi wa mwisho, na kwamba anayetaja mazungumzo anawatukana marehemu. Mama mkwe wangu alivuka na watoto wawili wakati wa vita vya Msumbiji kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo, yeye humsikiliza huku akibangua korosho, kisha husema neno moja tu: "Waongee." Juzi baba mdogo alimwambia kwamba amekwisha kusahau. Mama aliweka jiwe lake chini, akaingia ndani. Nani kati yao anasema kweli?
Msomaji, Newala, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, mama huyo hajasahau chochote, na hilo baba mdogo aambiwe mapema, kwa heshima zake zote. Aliyepitia vita anajua gharama ya kila siku inayoongezeka kabla ya bunduki kunyamaza. Tarehe 2 Oktoba 2016 Wakolombia walipiga kura kuhusu makubaliano kati ya serikali yao na waasi wa FARC, na asilimia 50.2 wakayakataa; lakini huko Bojayá, mji ambao mwaka 2002 watu wake wengi waliuawa wakiwa wamejificha kanisani, zaidi ya asilimia 95 waliyakubali. Sisemi kwamba kila aliyefiwa hutaka suluhu, kwa maana wapo ambao uchungu wao hauruhusu hata kulisikia neno hilo, nao tusiwalaumu.

Hata hivyo, hasira ya baba mdogo ina msingi. Mazungumzo ya Msumbiji yalianza Roma mwaka 1990 kwa upatanishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, yakaendelea kwa zaidi ya miaka miwili huku watu bado wanauana, hadi Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, walipotia saini mkataba wa amani tarehe 4 Oktoba 1992. Siku chache baadaye ilipitishwa sheria ya msamaha, na wauaji wa pande zote mbili hawakufikishwa mahakamani. Wakimbizi walirudi mashambani kwao kwa wingi, jambo ambalo miaka 16 ya vita haikuweza kulileta. Lakini waliofiwa waliachwa na maswali yao, na mwaka 2013 bunduki zililia tena, hata ikabidi mkataba mwingine utiwe saini Agosti 2019. Kwa hiyo anachokiogopa baba mdogo, kwamba damu itafutwa kwa kalamu, kiliwahi kutokea, tena ng'ambo hiyo hiyo.

Kwangu mimi, hofu hiyo ndiyo inayopaswa kupelekwa mezani iwe hoja ya kwanza, badala ya kuifanya sababu ya kuivunja meza. Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alipoketi Nairobi mwaka 2008 pamoja na Kofi Annan na Graça Machel kupatanisha Wakenya baada ya ghasia za uchaguzi, hakuwa amewasamehe waliochoma nyumba za watu. Alikuwa akizuia nyingine zisichomwe.

Vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Oktoba 2017 na kufika hadi kijiji chetu cha Kitaya Oktoba 2020, ni vigumu zaidi, kwa kuwa Renamo ilikuwa na kiongozi anayejulikana na madai yanayojadilika, ilhali kundi la waasi wa Cabo Delgado halijaonyesha uongozi wa kisiasa ulio wazi. Wanavijiji wanahitaji ulinzi wa askari, na sioni aibu kulisema. Lakini wapo vijana waliojiunga kwa ukosefu wa kazi katika mkoa wenye rubi na gesi, na wapo wazazi wao. Hao wanaweza kuzungumzishwa na wazee na masheikh wao bila kusubiri hoteli ya ughaibuni.

Jioni moja, basi, baba mdogo aketi karibu na lile jiwe la kubangulia, amwombe mama radhi, kisha amuulize: hao waongeao, ungetaka waulizwe nini kuhusu watu wako uliowaacha njiani? Na akianza kujibu, asimkatize.