Re: Kwa nini Arn Anderson anasifiwa hivi na hakuwahi kuwa bingwa wa dunia?

Ndugu, umeuliza kwa nini wakongwe wa mieleka humtaja Arn Anderson kwa heshima wakati mkanda wa dunia wa mtu mmoja hakuwahi kuuvaa. Ni kweli hakuuvaa. Lakini kazi yake hasa ilikuwa mieleka ya wawili wawili, na huko wachache sana wanamfikia.

Mtazame akiwa na Tully Blanchard, mwenzake katika Four Horsemen, kundi la wanamieleka waliokuwa pamoja. Walikuwa wanamtenga mpinzani mmoja kwenye kona yao, wanapokezana haraka, wanamchosha mguu au mgongo, huku mwenza wa mpinzani huyo amenyoosha mkono upande wa pili ili aguswe aingie, na hafikiwi. Watazamaji walikuwa wanapandwa na hasira kweli kweli! Walitwaa ubingwa wa wawili wa NWA (muungano wa mieleka wa Marekani) mwaka 1987, wakahamia WWF, kampuni ya mieleka ambayo sasa ni WWE, wakaitwa Brain Busters chini ya meneja Bobby Heenan, na Julai 1989 wakawavua timu ya Demolition mkanda ambao timu hiyo ilikaa nao siku 478. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote.

Baadaye, katika WCW, kampuni iliyoshindana na WWF, alibeba ubingwa wa wawili na Larry Zbyszko, kisha Bobby Eaton, kisha Paul Roma. Kubadilisha wenza hivyo na bado ukashinda si jambo dogo.

Jeraha la shingo ndilo lililomstaafisha. Agosti 1997 aliaga ulingoni akamkabidhi mwanamieleka Curt Hennig nafasi yake katika Four Horsemen. Itafute hotuba ile, uisikilize yote.