Theluji si kigezo

Ndugu yangu, umesema kwamba filamu isiyo na theluji wala mti uliopambwa haiwezi kuitwa ya Krismasi, lakini kigezo hicho kinatuacha nje sisi wa Kisumu, ambao huiadhimisha siku hiyo kwenye jua kali. Mimi huuliza hivi: je, tukiiondoa sikukuu, hadithi itasimama? Katika Home Alone ya mwaka 1990, familia inasafiri kwenda Paris kwa ajili ya Krismasi na kumsahau mtoto nyumbani, kisha mama anahangaika usiku na mchana ili amfikie kabla siku yenyewe haijapita, jambo ambalo yeyote aliyewahi kutafuta basi la kwenda Kakamega au Busia mwishoni mwa Desemba analielewa bila kufafanuliwa. Die Hard ina utata zaidi, kwani imejaa risasi na ilitolewa Julai 1988, ingawa tarehe ya kutolewa haina uzito kwangu. Naihesabu kwa moyo wote, kwa sababu McClane, polisi ambaye ndiye mhusika mkuu, anafika Los Angeles mkesha wa Krismasi akitumaini kupatana na mkewe, na majambazi wanalivamia jengo anamofanyia kazi mke huyo katikati ya karamu ya sikukuu.