"Scale": gamba, mizani au mshahara?

SWALI: Napokea samaki Mwaloni Kirumba, Mwanza. Karatasi ya mnunuzi ina "scales on", "check scales" na "pay scale". Ni neno lile lile?

JIBU: Ni maneno matatu yaliyogongana tahajia. La kwanza, lenye asili ya Kifaransa cha kale, ni gamba. "Scales on" maana yake usimpae sangara, mwache na magamba yake.

La pili lilitoka Skandinavia, likimaanisha bakuli, na sasa ni mizani. Waingereza huita mizani moja "scales", kwa wingi, na hapo ndipo wengi huteleza: wakiona wingi, wanakagua magamba! "Check scales" inakutaka uweke karai tupu, urudishe namba kwenye 0, ndipo upakie samaki. Ukiruka hatua hiyo, karai la kilo 1.5 linauzwa kwa bei ya sangara.

La tatu ni la Kilatini, ngazi. Ndiyo ngazi ya mshahara, na pia skeli ya ramani: 1:50,000 ni sentimita 1 kwa mita 500.

Kwenye vitenzi, angalia kinachofuata. "Scale the fish" ni mpae samaki. "Scale the wall", panda ukuta.