Sarafu za Kale za Japani: Joka Liache, Anza na Sen za Vita

Ukianza kuulizia sarafu za kale za Japani, muuzaji atakuwekea mbele yen ya fedha yenye joka, ya enzi za Meiji. Ni nzuri, sibishi. Lakini inaghushiwa mno, na mgeni bado hana jicho la kuitambua. Halisi ina gramu 26.96, na bandia nyingi huumbuliwa papo hapo na mizani ya sonara. Kwa hiyo nunua mizani na sumaku kabla ya sarafu yoyote.

Mimi nakushauri uanze na sen, yaani senti za yen (sen 100 ni yen 1), za 1933 hadi 1945. Nyingi ni za bei ya chee, na ukizipanga mezani kwa miaka unaiona vita ikila madini. Sen 10 ya 1933 ni nikeli tupu; sumaku inainasa. Nikeli ikatakiwa kwenye silaha, basi 1938 ikaja shaba iliyochanganywa na alumini. Mwaka 1940 ikawa alumini, gramu 1.5, ikapunguzwa hadi 1.2, na 1943 ikabaki gramu 1. Sura ni ileile, hivyo macho peke yake hayatoshi. Mwaka 1944 alumini nayo ikaenda kwenye ndege, wakageukia bati na zinki. 1945 hata bati likaadimika! Wakatengeneza sarafu za kauri huko Kyoto, Seto na Arita, vita ikaisha kabla hazijatolewa. Ukiuziwa hizo kwa bei ya kutupa, shuku.

Jifunze tarakimu za Kijapani, moja hadi kumi. Mwaka huhesabiwa kwa utawala wa mfalme; ili kupata mwaka wetu wa kawaida, kwenye Meiji ongeza 1867, Taisho 1911, Showa 1925. Angalia tu kwamba za kabla ya vita husomwa kulia kwenda kushoto. Showa 12 ukiisoma kinyume inakuwa Showa 20, na umeshapotea miaka minane.

Za baada ya vita ni rahisi zaidi. Yen 50 ya 1955 hunaswa na sumaku, ya 1967 na kuendelea hainaswi. Yen 10 za 1951 hadi 1958 zina meno ukingoni. Yen 100 mpaka 1966 ina fedha asilimia 60. Na kama uko Dar au Mombasa, zungumza na mafundi wa magari ya mtumba: yen 5 zenye tundu hujificha chini ya viti. Usitarajie utajiri, ila ni mwanzo wa bure.

Usizisugue kwa ndimu wala majivu. Sarafu iliyong'arishwa hushuka thamani, na mnunuzi mzoefu huijua kwa kuitupia jicho. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Weka kila moja kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo linalofunga vizuri. Vile vifuko laini vya plastiki vya PVC viepuke, huacha utando wa kijani kwenye shaba.